Sura ya Saba: Kwaya Isiyo na Wasikilizaji

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka 1707 iliangukia tarehe 13 Machi. Siku hiyo, katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu mjini Warsaw, waumini waliimba kwa mara ya kwanza ibada mpya iliyokuwa imetoka kupigwa chapa mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kitabu chake kilikuwa na jina refu, kama yalivyokuwa majina ya vitabu vingi vya dini wakati ule. Kwa mkato kiliitwa Fungu la Manemane kutoka Bustani ya Gethsemane. Jina hilo limebaki kwa wanahistoria. Wapoland wanaijua ibada yenyewe kama Gorzkie żale, maombolezo machungu, na wameiimba kila Kwaresima kwa zaidi ya miaka 300.

Wapenzi wa muziki wa kanisa nje ya Poland wakiulizwa juu ya Mateso ya Bwana yaliyotungwa na Mpoland, humtaja Krzysztof Penderecki, ambaye Mateso yake kadiri ya Luka yalisikika kwa mara ya kwanza katika kanisa kuu la Münster, Ujerumani, tarehe 30 Machi 1966. Ni kazi kubwa na nitaifikia. Lakini nimeiweka Gorzkie żale mbele yake katika sura hii kwa sababu naamini ndiyo Mateso makuu ya kuimbwa na umati ambayo Poland imeyatoa, ingawa hutaikuta kwenye ratiba za kumbi za muziki. Haina waimbaji binafsi wa kulipwa, haihitaji orkestra, na hakuna kiti kilichotengwa kwa msikilizaji. Aliyeingia kanisani ni mwanakwaya.

Aliyeiandaa ni padri Wawrzyniec Benik, wa Shirika la Misioni lililoanzishwa na Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mapadri wa shirika hilo waliletwa Warsaw na Malkia Ludwika Maria mwaka 1651, Vinsenti mwenyewe akiwa bado hai, nao walikuwa na wito wa kuwahubiria watu wa kawaida kwa maneno wanayoyaelewa. Benik alikuwa mlezi wa chama cha waumini cha Mtakatifu Roko, kilichokuwa na makao katika kanisa hilo. Vyama vya namna hii vilikuwa na desturi nzito za Kwaresima. Wanachama waliandamana wamevaa kanzu zenye kofia za kufunika uso, wengine wakijichapa mijeledi mgongoni, na nyimbo nyingi zilizoandamana na toba hiyo zilikuwa za Kilatini. Fundi viatu au muuza samaki wa Warsaw aliweza kuona damu ikitiririka, asielewe kinachoimbwa. Benik aliyachukua Mateso akayapa lugha ya fundi viatu.

Mji wenyewe ulikuwa taabani. Vita Kuu ya Kaskazini ilikuwa ikiendelea tangu mwaka 1700. Jeshi la Mfalme Karl wa 12 wa Sweden lilikuwa limeingia Warsaw mwaka 1702. Mfalme August wa Pili alikuwa amelazimishwa kuvua taji mwaka 1706. Na Stanisław Leszczyński, aliyekalia kiti chake, alikuwa amewekwa hapo kwa nguvu ya Wasweden. Mwaka 1708, mwaka mmoja tu baada ya ibada kuanza, tauni ikaingia Warsaw. Roko ndiye mtakatifu ambaye Wakatoliki wa Ulaya walimkimbilia tauni ilipokuja, na chama kilichobeba jina lake kilikuwa na watu waliojua kifo kwa karibu. Ukilifahamu hilo, hutashangaa kwamba ibada hii haina haraka ya kufika kwenye Pasaka.

Umbo lake limejengwa juu ya sala za vipindi ambazo mapadri na watawa husali alfajiri. Kule kuna mwaliko, kisha utenzi wa kanisa, kisha zaburi tatu. Benik alibakiza mifupa hiyo akaivika nyama nyingine. Mahali pa mwaliko pana wimbo wa kuamsha mioyo. Unafuata usomaji mfupi wa nia, unaotaja sehemu ya Mateso itakayotafakariwa siku hiyo na watu wanaoombewa. Kisha vinakuja vipande vitatu mahali pa zaburi: wimbo wa Mateso, maombolezo ya roho kwa Yesu anayeteswa, na mazungumzo ya roho na Mama Mwenye Uchungu. Mwisho kabisa ni ombi fupi la huruma kwa Yeye aliyepata majeraha kwa ajili yetu, linaloimbwa mara tatu watu wakiwa wamepiga magoti. Haya yote hufanyika mbele ya Ekaristi Takatifu iliyowekwa altareni, na ndani yake hutolewa mahubiri ya Mateso.

Simulizi limegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza inakwenda kutoka sala ya bustanini hadi mashtaka ya uongo mbele ya baraza. Ya pili inaishia kwenye taji la miiba. Ya tatu inafika msalabani. Jumapili ya kwanza na ya nne za Kwaresima huimbwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya tano sehemu ya pili, ya tatu na ile ya Matawi sehemu ya tatu. Kwa hiyo muumini anayehudhuria kila Jumapili huipitia njia yote mara mbili kabla ya Ijumaa Kuu. Parokia nyingi huiimba tena Ijumaa Kuu yenyewe, mbele ya kaburi la Bwana linalopambwa kanisani.

Msomaji aliyelelewa na utenzi atapenda kuhesabu mizani hapa. Wimbo wa kuamsha mioyo una vipande vya mizani nane, viwili viwili, vinavyoshikana kwa vina, na hesabu hiyo ya nane ndiyo iliyobeba tenzi zetu za pwani. Mstari wa namna hii haukawii kukaa kichwani, na ndivyo ulivyokusudiwa. Umati usio na vitabu mikononi unaweza kuusikia Jumapili moja na kuuimba Jumapili inayofuata. Wimbo wa Mateso unaofuata una umbo jingine kabisa: mishororo mitatu ya mizani kumi na moja, kisha wa nne umekatwa, mizani mitano tu. Kila ubeti unatembea kwa hatua ndefu halafu unaishiwa pumzi. Katika ubeti wa kwanza wa sehemu ya kwanza Yesu amepiga magoti bustanini, jasho la damu linamtoka, na ule mshororo mfupi unasema moyo wa mwimbaji unazimia. Mtunzi amekata mstari pale ambapo mwili unakatika, na sioni jinsi fundi yeyote wa mashairi angefanya vizuri zaidi.

Sasa tazama jambo linaloitenga ibada hii na Mateso mengine yote ninayoyajua. Siku ile ya Machi 1707 Johann Sebastian Bach alikuwa kijana wa miaka 21, mpiga kinanda katika mji wa Arnstadt. Miaka 17 baadaye, mwaka 1724, alitoa Leipzig Mateso yake kadiri ya Yohane, na mwaka 1727 yale ya Matayo. Humo yumo mwinjili anayesimulia, yumo Pilato, yumo Petro, na kwaya inapewa kazi mbili ngumu: mara ni waumini wanaosali, mara ni umati unaopiga kelele mtu asulubiwe. Penderecki naye ana msimulizi, ana Yesu wa sauti ya baritoni, ana kwaya ya umati. Gorzkie żale haina hata mmoja wao. Hakuna mwinjili, Pilato hapewi sauti, na hata Yesu haimbi kama mhusika aliyesimama mbele ya watu. Nani basi anaimba? Roho ya mtu mmoja, ikisema “mimi”.

Hilo ndilo linalonivuta kwenye ibada hii kuliko yote. Katika ubeti wa kwanza wa wimbo wa kuamsha mioyo, mioyo inayoitwa ipenywe na uchungu ni mioyo yetu. Katika wa pili macho yanayoamriwa yayeyuke kwa machozi tayari ni yangu. Jua na nyota vinazimia, malaika wanalia, miamba inapasuka, wafu wanatoka makaburini, na katikati ya tetemeko hilo la viumbe vyote mwimbaji anauliza kuna nini. Anajibiwa kwamba ni uchungu wa mateso ya Kristo, kisha yeye mwenyewe anamwomba Yesu aipige mioyo yetu, kwa sababu ni migumu kama ile miamba, na haijapasuka. Watu elfu moja wamejaa kanisani na kila mmoja anaimba habari za machozi yake mwenyewe na za mioyo migumu ya wote. Wote wanakiri kwa pamoja, lakini hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake, maana lile “yangu” halimruhusu.

Katika wimbo wa sehemu ya pili hoja hii inafikishwa mwisho wake. Roho inaambiwa itazame jinsi inavyopendwa, kisha inaambiwa kwamba ukatili wa wauaji haumtesi Yesu kama unavyomtesa uovu wa roho yenyewe. Historia ya Mateso yanayoimbwa Ulaya ina doa zito: mara nyingi kilio cha umati kiligeuzwa kuwa kidole cha kuwanyooshea Wayahudi, na Ijumaa Kuu imekuwa siku ya hofu kwa jirani wengi. Hapa, katika ubeti huu, kidole kinamrudia anayeimba. Ningependa kila atungaye Mateso leo aanze kwa kuusoma.

Maombolezo yanayofuata ni ya namna ya litania. Kila ubeti unafunguka kwa jina la Yesu na kufungwa kwa kumwita mpenzi wangu. Kati ya kufungua na kufunga kunawekwa tukio moja, bila maelezo: ameuzwa kwa vipande thelathini vya fedha na mwanafunzi asiye na shukrani, amefungwa kamba, Petro amemkana mara tatu. Katika sehemu ya tatu, kati ya jina na kiitikio, unapita msalaba kati ya wanyang’anyi wawili, nyongo na siki, mkuki uliomchoma hata baada ya kufa, na mwisho mikono ya heshima ya Yosefu na Nikodemo inayomlaza kaburini. Kurudiarudia huku kunamchosha anayesoma kimya. Anayeimba hakumchoshi, maana kiitikio kimeshakuwa pumzi yake, na akili imebaki huru kutazama tukio. Kila orodha inafungwa kwa salamu ya sifa ambamo matusi aliyotukanwa na umilele wa Mungu vinawekwa bega kwa bega.

Kisha anaingia Mama.

Mazungumzo ya roho na Mama Mwenye Uchungu yana beti za mishororo mitatu, ya mizani nane, nane na saba, na huo ndio mpimo wa Stabat Mater, utenzi wa Kilatini wa zama za kati juu ya Maria aliyesimama chini ya msalaba. Lakini Stabat Mater humtazama Maria kutoka pembeni. Mshairi anasimulia alivyosimama, kisha anamwomba. Hapa Maria anasema mwenyewe, na roho inamjibu. Anasema upanga umempenya moyo. Roho inamuuliza kwa nini anatetemeka. Anajibu kwamba asiulizwe, amezimia, hawezi kusema kwa huzuni. Katika parokia nyingi beti hizi huimbwa kwa kupokezana, upande huu na upande ule, au wanawake na wanaume. Wanawake wanapozichukua sauti za Maria, kanisa linagawanyika kwa sauti za watu wanaojua kilio cha kweli. Katika nchi iliyopitia vita kama Poland, benchi nyingi zilikuwa na mama aliyewahi kuzika mwana.

Desturi hii ya kumpa Maria sauti ya Kipoland ni ya kale kuliko Benik. Katika karne ya 15, kwenye monasteri ya Msalaba Mtakatifu katika milima ya Świętokrzyskie, liliandikwa shairi ambamo Maria anawaita watu wasikilize uchungu wake, anazungumza na mwanawe aliye msalabani, na kumtamani angekuwa chini kidogo apate kumsaidia. Ni mojawapo ya mashairi bora ya Kipoland cha zamani. Mwaka 1976 Henryk Górecki aliliweka ndani ya sehemu ya kwanza ya Simfonia yake ya Tatu, na rekodi ya simfonia hiyo iliyotoka mwaka 1992 iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Wengi walioinunua hawakujua kwamba wameinua kipande cha mti wenye mizizi mirefu, na kwamba tawi lake jingine bado linaimbwa Jumapili alasiri katika parokia za vijijini.

Turudi kwenye sehemu ya tatu, maana kuna jambo ambalo wachache huliona. Wakati wake haunyooki. Ndani ya wimbo wa Mateso, Yesu anabeba mti, anaanguka, anapigiliwa. Kisha waimbaji wanaugeukia msalaba wenyewe, wanauita mti mtamu, na kuuomba uushushe mwili ili usiendelee kuning’inia. Wao wataulaza kaburini kwa heshima na kuulilia. Kwa hiyo umati uliokuja kuomboleza umekuwa umati wa mazishi. Maombolezo yanayofuata nayo yanafika hadi kaburini, kwa Yosefu na Nikodemo. Ungedhani habari imekwisha. Lakini mazungumzo na Mama yanaturudisha nyuma, chini ya msalaba, na mwanawe bado yu hai. Maria anasema mpenzi wake anajiandaa kufa, naye anakufa pamoja naye. Roho inaomba ibaki naye. Ndipo Maria anapotamka kwamba Yesu amefunga maneno yake matamu, ameinamisha kichwa kuelekea ardhini, anamuaga mama yake.

Kwa Bach ni mwinjili anayetangaza kifo, na baada yake kuna kimya ambacho wapenzi wa muziki wanakijua vizuri. Kwa Benik anayetangaza kifo ni mama wa marehemu, na anakitangaza baada ya mazishi kwisha kuimbwa. Sababu, nadhani, ni kwamba anayefiwa hauoni msiba kwa utaratibu wa saa. Mwili umeshazikwa na bado yeye yuko pale kitandani, kwenye neno la mwisho. Ibada inajua hivyo, na ikaliacha neno la mwisho kwa mwenye msiba.

Muziki wenyewe ni wa kawaida kabisa, na hilo ni sifa. Sauti hazipandi juu kumshinda mzee wala hazishuki chini kumshinda mtoto. Hatua ni fupi, noti baada ya noti, na mwendo ni wa polepole kupita ilivyoandikwa, kwa kuwa umati mkubwa hujikokota na mpiga kinanda mwenye busara huufuata badala ya kuuvuta. Sehemu mbalimbali za Poland zina sauti zilizotofautiana kidogo, kila moja ikijihesabu kuwa ndiyo sahihi. Karne ya 19 mapadri wawili wa shirika lilelile la Benik walifanya kazi kubwa ya kuziweka nyimbo za kanisa vitabuni: Michał Mioduszewski, ambaye kitabu chake kilitoka Kraków mwaka 1838, na Jan Siedlecki, ambaye chake cha mwaka 1878 kimeendelea kuchapwa upya hadi enzi zetu.

Mwaka huohuo wa 1838 Warsaw ilisikia Mateso ya aina nyingine. Józef Elsner, mwalimu aliyemfundisha Fryderyk Chopin utunzi, alikuwa amemaliza oratorio kubwa ya Mateso ya Bwana, kwa kwaya, waimbaji binafsi na orkestra. Ilikuwa kazi ya mtu mzima aliyeona mengi. Warusi walikuwa wamezima uasi wa 1830 na 1831 na kukifunga chuo alichokuwa akifundisha. Oratorio hiyo haikudumu majukwaani. Ilihitaji waimbaji wengi, fedha, na mji wenye utulivu, na Warsaw ya karne ile haikuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja. Gorzkie żale ilihitaji mlango wa kanisa uwe wazi.

Kati ya 1795 na 1918 Poland haikuwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria ziligawana ardhi yake, na kwa vipindi virefu Kirusi na Kijerumani vilisukumwa shuleni na ofisini. Mwaka 1861, Warsaw ilipoimba nyimbo za taifa ndani ya makanisa, wanajeshi wa Urusi waliingia kwa nguvu katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane tarehe 15 Oktoba na kuwakamata waimbaji. Gorzkie żale si wimbo wa siasa. Haitaji mfalme wala mpaka. Lakini kila Kwaresima mtoto wa mkulima aliyekuwa hajui kusoma alikaa saa nzima ndani ya Kipoland safi cha mwaka 1707, akitamka maneno ambayo shule haikumfundisha. Sijui darasa la lugha lenye mafanikio kuliko hilo.

Watunzi wakubwa walilijua hilo. Karol Szymanowski alipoandika Stabat Mater yake, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Warsaw tarehe 11 Januari 1929, alitumia tafsiri ya Kipoland ya Józef Jankowski badala ya Kilatini. Alieleza kwamba Gorzkie żale, aliyoipenda sana, ilimgusa kidini kuliko misa ya Kilatini iliyopambwa kwa ustadi wote, kwa sababu kila neno lake kwake lilikuwa hai. Penderecki alichagua njia nyingine. Poland ilikuwa ikiadhimisha miaka 1,000 tangu ubatizo wa mwaka 966, nchi iko chini ya serikali ya kikomunisti, na yeye, mwenye miaka 32, akapeleka Ujerumani Mateso ya Kilatini yenye kwaya tatu kubwa, kwaya ya wavulana na msimulizi, ambamo waimbaji wananong’ona, wanazomea na kupiga kelele. Kilatini kilimwezesha kusema na dunia nzima. Namheshimu kwa hilo, na kila niisikiapo kazi hiyo nahisi ukali wake mwilini. Lakini ndani yake mimi ni shahidi. Natazama umati ukimdhihaki mtu. Gorzkie żale hainipi nafasi ya ushahidi.

Ibada ilisafiri na watu wake. Wahamiaji waliokwenda kuchimba makaa na kuyeyusha chuma walijenga parokia zao Chicago, Detroit na Milwaukee, na Kwaresima huko huimbwa hivyo mpaka leo. Njia moja ya safari hizo ilipita kwetu. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland kwenda Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao walitoka kupitia Iran, na maelfu ya wanawake, watoto na wazee wakaletwa kwa meli hadi bandari za Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea takriban watu 5,000. Wengine waliwekwa Ifunda na Kidugala, na Uganda huko Koja na Masindi. Kila makazi yalikuwa na padri na kanisa. Lile la Nyabyeya, Masindi, walilolijenga wakimbizi wenyewe kwa heshima ya Maria Malkia wa Poland, lingali limesimama. Ibada hii ni sehemu ya Kwaresima ya parokia ya Kipoland popote ilipo, haina haja ya kinanda wala ya mwalimu wa kwaya, na mama aliyefukuzwa kwao bila sanduku angeweza kuja nayo yote kichwani. Mama wengi wa Tengeru walikuwa wamewazika watoto njiani, katika nchi zisizo na jina la Kipoland. Mazungumzo na Mama Mwenye Uchungu hayakuwa sanaa kwao.

Kanisa la Msalaba Mtakatifu liliharibiwa vibaya katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati wa uasi wa Warsaw mwaka 1944, likajengwa upya. Wageni huingia kuiona nguzo ambamo umehifadhiwa moyo wa Chopin, wanapiga picha, wanatoka. Ukijaliwa kufika Jumapili ya Kwaresima, usitoke. Uliza saa ya Gorzkie żale, kwa kawaida ni alasiri, na ufike mapema, kwa sababu benchi hujaa. Kwa Wakatoliki walioko Poland, kanisa limeambatanisha rehema kamili na ibada hii wakati wa Kwaresima, kwa masharti ya kawaida ya kuungama na kupokea Ekaristi, basi utakuta pia foleni mbele ya viti vya maungamo. Maneno utayapata katika kitabu cha nyimbo. Ikiwa una nafasi ya Jumapili moja tu, chagua ya tatu au ile ya Matawi, upate sehemu ya tatu. Kipoland kikikushinda, shika mazungumzo na Mama: mizani nane, nane, saba, sauti ileile inajirudia, na ukifika ubeti wa tatu utakuwa umeshaijua. Jirani yako wa benchi akikuona kimya atakusogezea kitabu akuonyeshe mstari kwa kidole. Anakutarajia uimbe.